Pwani ya Italia kwa gari: pa kuendesha na pa kuliacha

*"Mimi na mume wangu tutatimiza miaka 25 ya ndoa mwakani, mwezi wa Agosti. Tumeweka akiba miaka mitatu ili twende Italia kwa siku kumi. Mume wangu anataka tukodi gari Roma tuizunguke pwani: Portofino, Cinque Terre, Amalfi, kisha Puglia, turudi Roma. Ni dereva mzuri, ameendesha Mombasa–Nairobi zaidi ya miaka ishirini. Lakini mwenzangu kazini alienda huko, na miezi saba baada ya kurudi akaletewa faini tatu kwa posta, wala hajui alikosea wapi. Binti yetu anasema tusahau gari, tupande treni. Mimi naogopa zile kona za milimani, na magoti yangu si ya zamani. Je, gari litatufaa au litatuharibia? Sitaki safari ya kukimbizana. Nataka tukae, tule, tutembee polepole."*

Dada yangu, hongera. Miaka 25 ni kazi ya watu wawili, na nimefurahi kwamba mmeamua kuisherehekea barabarani, mkiwa wenyewe tu. Umeuliza habari za gari, faini, kona na magoti, lakini barua nzima imebebwa na yale maneno ya mwisho: hutaki safari ya kukimbizana. Nitayashika hayo, maana majibu mengine yote yanatoka humo.

Nianze na mvutano wa nyumbani. Shemeji anasema gari, binti anasema treni, na wote wawili wana haki yao, ila kila mmoja anazungumzia pwani yake. Italia ina pwani ya takriban kilomita 7,500, na haifanani. Liguria, yaani Portofino na Cinque Terre, pamoja na Amalfi, ni mahali ambapo milima inashuka wima mpaka majini. Huko binti yenu anasema kweli. Puglia, kule kwenye kisigino cha kile kiatu cha ramani, nchi ni tambarare, miji imeachana, na treni za vijijini ni chache tena za polepole. Huko gari ndilo raha yenyewe. Kosa la mpango wenu ni kutaka gari moja liwahudumie pwani zote hizo.

Kosa la pili ni ramani. Roma mpaka Portofino ni kama kilomita 500. Portofino mpaka Amalfi ni zaidi ya 700. Amalfi mpaka Bari, mji mkuu wa Puglia, ni kama 270, na Bari kurudi Roma 430 hivi. Jumla mnakaribia kilomita 2,000, yaani Mombasa–Nairobi mara nne ndani ya siku kumi, kwenye upande wa barabara msiouzoea. Shemeji ataimudu, sina shaka. Lakini kila jioni mtafika mmechoka, mtakula kimya, na asubuhi mtafunga tena masanduku. Nimewapokea watu wengi waliosafiri hivyo. Picha zao ni nzuri, ila ukiwauliza walikula nini Vernazza, kijiji kimoja cha Cinque Terre, hawakumbuki.

Ukitaka kuelewa kwa nini miji hii inakataa magari, fikiria Lamu. Vichochoro vya Lamu vilipimwa kwa punda na mtu mwenye mzigo, na mlango mkuu wa mji ni bahari. Vijiji vitano vya Cinque Terre (Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore) vilikua hivyohivyo. Watu walichonga matuta mlimani, wakayashikilia kwa kuta za mawe yasiyo na saruji, wakapanda mizabibu, na kila kitu kikapita kwa mashua au mgongoni. Reli ilipofika mwaka 1874 ndipo vijiji vikafunguka, na mpaka leo treni ndiyo barabara yao halisi. Gari linaweza kushuka mpaka kwenye maegesho machache na ya bei juu pembeni mwa vijiji, halafu linabaki hapo. Mwenye busara huliacha Levanto au La Spezia, miji ya jirani, na kupanda treni ndogo inayopita vijiji vyote vitano. Kwa magoti yako, jihadhari na Corniglia: kiko juu ya jabali, na kutoka stesheni kuna ngazi zaidi ya 370. Kuna basi dogo la kupandisha watu, lakini mchana wa Agosti hujaa.

Amalfi ni hadithi hiyohiyo, na ndiko watu hudanganyika zaidi, kwa sababu barabara ipo. Inaitwa SS163, kiasi cha kilomita 50, na ilichongwa kwenye mwamba katikati ya karne ya 19, zama za magari ya farasi. Upana wake haujaongezeka sana tangu hapo. Basi kubwa likiingia kwenye kona linahitaji barabara nzima. Hupiga honi, na wewe unasimama kabla ya kona kulipisha. Ukiona foleni imeganda kwa nusu saa Positano, mara nyingi ni basi mbili zimekutana pabaya. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2022 kuna zamu za nambari za magari kati ya Vietri sul Mare na Positano: tarakimu ya mwisho ya nambari yako ndiyo inayoamua siku unayoruhusiwa kupita kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Zamu hizo hushika wikendi za kiangazi, na Agosti ni kila siku. Yaani mnaweza kulipia gari kwa siku tatu na sheria ikawazuia kulitumia katikati ya safari. Maegesho nayo hulipwa kwa saa, na Positano nimeona watu wakilipia gari lililosimama sawa na chakula cha jioni cha wawili.

Sasa zile faini za mwenzako, maana naona ndizo zinazokunyima usingizi. Karibu kila mji wa kale Italia una eneo linaloitwa ZTL, sehemu ambayo magari ya wasio wakazi hayaruhusiwi kwa saa fulani. Hakuna kizuizi wala askari. Kuna alama ya duara nyeupe yenye ukingo mwekundu, na juu yake kamera. Mara nyingi pana pia ubao wa taa wenye maneno mawili: "varco attivo". Hapo ndipo wageni huanguka. Mtu anasoma "attivo" anadhani njia iko wazi, kumbe maana yake ni kwamba lango liko kazini, usiingie. Ukisoma "varco non attivo", pita. Yaandikeni maneno hayo kwenye karatasi mbele ya usukani.

Ukipita, kamera inasoma nambari. Polisi wa mji wanatafuta mwenye gari, wanakuta ni kampuni ya kukodisha. Kampuni inawapa jina na anwani yako, na inakukata kwenye kadi ada ya usumbufu, ambayo si faini yenyewe. Kisha mji unakuandikia. Kwa mtu anayeishi nje ya Italia sheria inawapa siku 360 za kukufikishia barua, ndiyo maana ya mwenzako ilichukua miezi saba na bado ni halali. Na kila kupita ni kosa lake. Faini zake tatu huenda ni lango moja, alipopotea akazunguka mtaa akitafuta hoteli. Mwaka wangu wa kwanza kuendesha wageni nililipa mbili za namna hiyo kwa dakika kumi za kuzunguka, na kila moja ilizidi euro 80 kabla ya gharama za posta. Barua ikija, ilipeni ndani ya siku tano tangu kuipokea. Kiasi hupungua kwa asilimia 30.

Dawa yake ni nyepesi kuliko hofu. Usiiamini simu ikuongoze mpaka mlangoni kwa hoteli, kwa kuwa mara nyingi haizijui saa za ZTL. Kabla ya kulipia chumba, uliza maneno haya: je, mko ndani ya ZTL, na kama ndivyo, mtaandikisha nambari ya gari letu? Hoteli nyingi zina ruhusa hiyo, lakini lazima ziambiwe mapema. Bora zaidi, chagueni malazi nje kidogo ya mji wa kale, mwegeshe, mwingie kwa miguu. Mistari ya maegesho iliyochorwa chini nayo ina lugha yake: nyeupe kwa kawaida ni bure, bluu ni ya kulipia, njano ni ya wenyewe, usiiguse.

Basi ningekuwa mimi, Liguria ningeiacha kwa safari nyingine. Najua inauma kuliondoa jina la Portofino, lakini ukitoa kimoja unapata siku tatu. Kuna njia ya pili, kuchukua Liguria peke yake kwa treni, mkalala Camogli, mji wa pwani karibu na Portofino, siku zote kumi, na ni njia nzuri kweli. Ila shemeji hatashika usukani, na barua yako inaonyesha kwamba kuendesha ni sehemu ya zawadi yake.

Kwa hiyo teremkeni Roma na mpande treni ya kasi mpaka Salerno, mji wa bandari jirani na Amalfi, muda wa saa mbili hivi. Laleni Salerno siku tatu bila gari. Asubuhi mnapanda feri bandarini; Amalfi ni kama dakika 35, Positano inapita saa moja kidogo. Pwani ile ilijengwa ili ionekane kutoka majini, na ukiwa kwenye feri hakuna kona ya kukuogopesha. Feri hufutwa bahari ikichafuka, kwa hiyo msiifungie ratiba kila siku. Siku moja shukeni Cetara, kijiji cha wavuvi ambako watalii wengi hupita bila kusimama. Hapo samaki wadogo aina ya dagaa hulazwa kwenye chumvi ndani ya pipa kwa miezi mingi, mpaka litoke tone la kahawia linaloitwa colatura. Wanalimwaga kijiko kimoja tu juu ya tambi zenye kitunguu saumu. Harufu ni kali, ladha ni ya ajabu.

Siku ya nne asubuhi kodini gari palepale Salerno, mvuke kwenda Bari kwa mwendo wa saa tatu au zaidi kidogo. Mtalirudisha Bari siku ya mwisho, kisha mchukue treni au ndege kwenda Roma. Kukodi mji huu na kurudisha mji mwingine huongeza ada. Iulizeni mapema, lakini msiikwepe, kwa sababu inawaokolea siku nzima.

Puglia ndiko moyo wangu uliko, na siwezi kukuficha. Kiitaliano nilijifunza Watamu nikihudumia wageni, kama vijana wengi wa Malindi, na nilipofika Bari mara ya kwanza nilihisi nimefika mahali ninapopajua. Nenda asubuhi kwenye gati ndogo kando ya mji wa kale. Mvuvi anamshika pweza, anambamiza juu ya jiwe tena na tena, kisha anamsukasuka ndani ya beseni la maji ya bahari mpaka minyiri yote ijikunje kama nywele. Kwetu baada ya hapo angeingia kwenye nazi. Wao wanamkata na kumla mbichi, wamesimama hapohapo. Shemeji kama ni mtu wa pwani atasimama kuangalia, na ndani ya dakika tano ataanza kutoa maoni.

Kutoka Bari mwendo ni mfupi mno: Polignano a Mare kilomita 35 hivi, mji uliokaa juu ya jabali lenye mapango, kisha kilomita 8 tu mpaka Monopoli. Laleni Monopoli siku mbili. Bandari yake ya zamani ina mashua ndogo za buluu zimefungwa chini ya ukuta, na jioni watu wote hutoka kutembea bila kwenda popote: wazee, watoto, wachumba, kama watu wa Mombasa wanavyokwenda Lighthouse kula mihogo. Wanaiita passeggiata. Ule utembeaji wa polepole ulioniandikia, wao wana jina lake. Ardhi ni tambarare, magoti yako yatashukuru.

Baada ya hapo shukeni mpaka Otranto mkae siku tatu, mkipitia Ostuni, mji mweupe juu ya kilima unaozungukwa na mizeituni. Ndani ya kanisa kuu la Otranto sakafu nzima ni picha ya vijiwe vidogovidogo iliyotengenezwa kati ya mwaka 1163 na 1165. Katikati umechorwa mti mkubwa uliosimama juu ya migongo ya tembo wawili. Fundi wake alikuwa mtawa aliyeitwa Pantaleone. Umetoka nchi ya tembo, na kule mbali unawakuta wamebeba ulimwengu mzima wa watu wengine. Mimi husimama hapo kila nikipita.

Na kona za shemeji zipo. Kutoka Otranto mpaka Santa Maria di Leuca, ncha ya kisigino, barabara inafuata majabali juu ya bahari kwa kilomita 50 hivi. Ina mapindo ya kutosha kumfurahisha yeye, lakini ni pana zaidi, na magari ni machache sana kuliko Amalfi. Italia wanapita kulia, kwa hiyo mkielekea kusini mnakuwa upande wa mlima na bonde liko ng'ambo ya pili. Mkirudi kwa njia hiyohiyo mtakuwa upande wa bahari. Ukiona moyo unadunda, rudini kwa barabara ya ndani. Simameni Santa Cesarea Terme, mji wa chemchemi za maji ya salfa, na mle mahali popote penye frisella: mkate mkavu mgumu kama jiwe, unachovywa majini kidogo tu, unapakwa nyanya iliyokatwa, mafuta ya zeituni na chumvi. Usiuache majini ukazungumza, utameguka mkononi.

Kuhusu kuendesha kwenyewe, nina machache ambayo watu hawaambiwi. Ombeni gari la gia otomatiki na mlithibitishe kwa maandishi, kwa kuwa magari mengi huko ni ya gia za mkono, na kubadilisha gia kwa mkono wa kulia huku unajifunza kupita kulia ni mzigo mara mbili. Raundabauti zinazunguka kinyume na za kwetu. Alama za kijani ni barabara kuu ya kulipia, za buluu ni ya kawaida. Kwenye lango la kulipia epukeni njia ya njano iliyoandikwa Telepass pekee, maana ni ya magari yenye kifaa cha kulipia bila kusimama. Mkiingia kwa makosa msirudi nyuma kamwe, bonyezeni kitufe cha msaada. Kwenye kituo cha mafuta, "benzina" ni petroli na "gasolio" ni dizeli. Jina hilo la pili limeshaua injini nyingi za wageni.

Leseni ya Kenya peke yake haitoshi. Pamoja nayo shemeji anahitaji kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho kwenu hutolewa na AA ya Kenya, chama cha wenye magari. Halafu kadi. Kampuni nyingi za kukodisha hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na huzuia humo dhamana ya mamia ya euro, wakati mwingine zaidi ya elfu. Kadi ya kawaida ya ATM mara nyingi hukataliwa kaunta, na ile ya kwenye simu isiyoshikika mkononi ndiyo kabisa. Jina la kadi likiwa lako na dereva ni yeye, mtarudishwa. Nimeona wanandoa wamekaa juu ya masanduku yao kwa sababu hiyo tu, gari wamelilipia na funguo hawapewi.

Agosti kama inaweza kusogezwa, isogezeni. Tarehe 15 ni sikukuu yao kubwa, Ferragosto, na wiki zile Waitaliano wenyewe wako baharini: vyumba bei juu, barabara zimejaa, joto kali. Ndoa ilifungwa Agosti, lakini Septemba katikati bahari bado ina joto na meza zipo. Ikishindikana, basi fanyeni hivihivi nilivyoandika, mwendeshe asubuhi mapema na mlale mchana kama wenyeji.

Yako mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Nendeni benki wenyewe, wote wawili, mkaulize kiwango cha kadi na kama kitabeba dhamana. Maombi ya viza ya Schengen yanaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Mkiwa na swali lolote juu ya nyaraka, ulizeni kwenye ofisi inayopokea maombi, msimtegemee wakala wa mtaani. Kuhusu magoti, onana na daktari wako wiki kadhaa kabla. Mwambie kuna ndege ya masafa marefu na mawe ya kukanyagia, akuangalie na akuambie utembee kiasi gani. Na shemeji, hata kwa uzoefu wake wote, siku ya kuchukua gari Salerno amwombe mhudumu wa gari dakika kumi uwanjani: aingie, ashike usukani wa kushoto, azunguke mara mbili kabla ya kutoka getini. Wewe kaa pembeni yake, na kazi yako iwe moja, kumwambia "kulia" kila mnapotoka kwenye kituo cha mafuta. Hapo ndipo watu wetu husahau.